Ndoo ya Kadhi Harara

Katika nchi ya Madeko, mapenzi yalipimwa kwa ndoo. Kila alfajiri, wakubwa kwa wadogo walimimina maji shinani mwa mfahari, mti wa maua mekundu uliopandwa mbele ya kila nyumba, na aliyeukosesha maji hata siku moja aliitwa katili. Sheria yao ilikuwa fupi: auaye mfahari afukuzwe nchini, asirudishwe hata kuzikwa.

Bi Stahamili, mjane wa makamo, alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kumwagia mfahari wake hata kata moja. Kiangazi kilipowadia mti ukapukutisha majani yote, na majirani, ambao hawakosi la kusema juu ya uwanja wa mwenzao, wakamshitaki. Baraza likaketi papo hapo mtaani, baina ya nyumba yake na ya Kadhi Harara, ambaye alikuwa keshaagiza punda wa kumpeleka mshitakiwa mpakani kabla ya jua kutua.

"Bibi," alinena Kadhi, "ushahidi ni ule pale, umebaki kuni. Una la kujitetea?"

Bi Stahamili alimtazama punda, tandiko tayari mgongoni, akaogopa kwelikweli. Mumewe alizikwa katika ardhi ile, naye alitaka kulala ubavuni mwake.

"Mheshimiwa Kadhi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miaka miwili ya mwanzo niliunywesha maji mengi, kisha nikangoja udongo ukauke ndipo niongeze. Ulipopata nguvu nikauachisha ziwa, mizizi ikayafuata maji chini. Majani umeyavua wenyewe ili ujihifadhi. Tafadhali, kwangua gome kwa ukucha."

"Maiti haihitaji tabibu!"

"Basi kukwangua hakutaiumiza, Mheshimiwa."

Kadhi akakwangua kwa hasira. Ndani palikuwa kijani kibichi, na utomvu ukamganda kidoleni.

"Sasa na wako," alisema Bi Stahamili.

Mfahari wa Kadhi ulinyweshwa mara tatu kwa siku, na majani yake ya manjano yalisifiwa kuwa dhahabu. Kadhi alipoukwangua, gome likabanduka lote, harufu ya uvundo ikatoka. Askari mmoja wa baraza aliyeuegemea akaanguka nao, mizizi juu, mifupi, imeoza.

Macho yote yakamgeukia punda.

"Bibi," alinong'ona Kadhi, "wasemaje?"

Moyo wa Bi Stahamili ulitamani kisasi, wala hakujifichia hilo. Lakini akasema, "Mfungueni punda. Kadhi apande mche mwingine, na ndoo yake nitaiweka mimi."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri Kadhi Harara hubisha hodi kwa mjane kuomba ndoo yake. Bi Stahamili hutoka, hutia kidole udongoni mwa mche wa Kadhi, kisha aghalabu humjibu, "Bado."