Maswali Yote ya Thika

Mgeni alifika shuleni Alhamisi jioni, wavulana wakiwa uwanjani, akisukuma baiskeli iliyopasuka gurudumu la nyuma. Vumbi jekundu lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi, lakini tai yake ilikuwa bado imefungwa vizuri. Hakuna aliyekuwa akimtarajia. Mwaka ule wa 1956 watu hawakutembeleana ovyo huko Ruiru. Mtu usiyemjua akikata kona kuja kwenu, ulifikiri ni askari, au ameleta habari za askari.

Nzau alimwona kabla ya wengine kwa sababu alikuwa amekaa peke yake karibu na lango.

"Hujambo, kijana. Mwalimu Erastus yuko?"

"Sijambo, mwalimu. Yuko darasani."

"Nani amekwambia mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mkono wa koti."

Mgeni alijitazama, akacheka, akamwachia Nzau baiskeli.

Jina lake lilikuwa Ajwang. Alifundisha Thika, na tena alikuwa katibu wa Ligi ya Maarifa, mashindano ya maswali na majibu baina ya shule za sekondari za upande ule. Shule ya misheni ya Ruiru ilikuwa imebakiza mchezo mmoja tu, dhidi ya Thika. Atakayeshinda angekwenda Nairobi. Mchezo ulikuwa umepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na Mwalimu Ajwang alikuwa ameendesha baiskeli njia yote hiyo kuja kusema kwamba serikali imeutaka ukumbi siku hiyo kwa ajili ya baraza. Ukumbi ulikuwa wazi keshokutwa tu; baada ya hapo usingepatikana tena.

Wachezaji wanne wa Ruiru waliitwa darasani. Gerishon, nahodha, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, pasi zetu ni za wiki ijayo."

"Chifu hawezi kubadilisha tarehe?" mgeni aliuliza.

Mwalimu Erastus alitikisa kichwa. Zile pasi alikuwa amezifuatilia mwezi mzima. Wakati huo wa hali ya hatari, Mkikuyu hakuweza kutoka Ruiru kwenda Thika bila karatasi yenye jina lake, siku yake na muhuri. Pasi ya Githinji, mmoja wa wale wanne, ilikataliwa mara mbili, kwa kuwa baba yake alikuwa kizuizini Manyani. Ilipotoka mwishowe, Githinji aliizungusha bweni zima ili kila mtu aishike.

"Shule isiyofika imeshindwa," Mwalimu Ajwang alisema akiangalia viatu vyake. "Ndiyo sheria. Tuliiandika kabla hatujajua tutakuja kuishi hivi."

"Wafike wangapi?" Mwalimu Erastus aliuliza.

"Sheria haisemi. Hata mmoja."

Halafu wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama Nzau.

Nzau alikuwa Mkamba wa Ngoliba, kule kukavu mashariki ya Thika. Amri ya pasi haikumhusu. Angeweza kupanda treni siku yoyote, kwenda kokote. Alikuwa mchezaji wa nne, mzuri wa hesabu kuliko wote, lakini hakuwahi kusimama kujibu ila pale Gerishon alipomgusa bega.

"Basi," Gerishon alisema, "Mkamba na mishale yake ndiye atakayetupigania."

Mburu, mchezaji mwingine, alicheka kidogo. Githinji hakucheka.

Hawakuwa wavulana wabaya. Jioni bwenini walizungumza Kikuyu kwa sababu ndiyo lugha ya mama zao, na kicheko kilipopasuka Nzau alijikuta akitabasamu nyuma ya wengine, bila kujua kilichochekesha. Baadaye aliacha hata kutabasamu. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, ukutani, na usiku aliuona ule ukuta kuwa jirani yake wa karibu zaidi. Katika timu tu ndipo mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu Erastus alikuwa amekataza lugha ya nyumbani wakati wa mazoezi, kwa hiyo kila jioni, kwa muda wa mazoezi, Nzau aliitwa kwa jina lake, akabishiwa, akatukanwa kirafiki na kuelewa kila neno. Alijua vyema kitakachotokea akirudi na ushindi. Alijua pia kitakachotokea akirudi bila ushindi. Angerudi kwa ukuta wake.

Ijumaa nzima walimjaza yote yaliyokuwa vichwani mwao. Gerishon alimpa mito na milima, Mburu akampa wafalme na manabii.

"Ukishindwa usirudi Ruiru," Gerishon alimwambia. "Panda treni mpaka kwenu Ngoliba."

"Treni haifiki Ngoliba."

"Basi utatembea! Wakamba si mnatembea mpaka pwani?"

Wakacheka wote wanne, na Nzau akatamani ile Ijumaa isiishe.

Jioni Githinji alimkuta kwenye mfereji akifua shati lake la kesho. Alisimama kando kwa muda, akichezea maji kwa kidole.

"Nina ombi."

"Sema."

"Niletee maswali. Yote. Yetu na ya wale wa Thika. Majibu usiniambie."

"Ya nini?"

"Nimesoma tangu Januari, Nzau. Nimesoma mpaka macho yakauma. Sasa sitajua. Nataka kujua kama ningeweza. Basi."

"Kalamu haziruhusiwi mezani. Na karatasi ya maswali mwenyekiti huondoka nayo."

"Najua. Yaweke kichwani."

Nzau alikamua shati. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna mtu pale shuleni aliyekuwa amemwomba kitu.

"Nitakuletea," alisema.

"Yote?"

"Yote."

*

Ukumbi wa Thika ulikuwa karibu na viwanda, na harufu ya mananasi yanayochemshwa iliingia madirishani. Mezani kwa Ruiru waliweka viti vinne. Nzau alikalia cha nne, kwa mazoea, na vile vitatu vikabaki wazi kati yake na mwenyekiti. Upande wa pili wavulana wanne wa Thika walikaa wakigusana mabega.

"Ruiru wameleta mtu mmoja na viti vitatu," mmoja wao alisema kwa sauti.

"Jihadharini," akajibu mwenzake. "Viti ndivyo vyenye akili."

Ukumbi ukacheka. Nzau naye angecheka, kama angekuwa na mtu wa kucheka naye.

Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye miwani, alieleza taratibu. Swali moja Ruiru, moja Thika. Upande mmoja ukishindwa, swali linahamia upande wa pili. Mnashauriana mpaka kengele ilie. Alipofika kwenye neno "mnashauriana" alimtazama Nzau, akakohoa, akaendelea.

Nzau alikuwa na njia yake ya kuweka mambo kichwani. Kwao mbuzi hawahesabiwi. Nyanya yake, Kalondu, aliamini kwamba ukitaja idadi yao fisi anasikia. Asubuhi unasimama penye mlango wa zizi na kuwatazama wakitoka, na wao hutoka kwa mpangilio uleule kila siku: yule mzee mweupe mbele, halafu mweusi mwenye paji jeupe, halafu mwenye madoa, halafu aliyevunjika pembe. Asiyetoka unamjua kwa pengo lake. Kwa hiyo, mwenyekiti alipouliza kama ni Nakuru au Nairobi iliyo juu zaidi kutoka usawa wa bahari, Nzau alijibu, kisha akalifunga lile swali shingoni mwa mbuzi mweupe, akamwachia apite. Mfalme wa mwisho wa Yuda alikwenda na yule wa paji jeupe.

Swali la tatu lilikuwa la Ruiru. Kwa nini barafu huelea juu ya maji? Nzau hakujua. Likahamia Thika, wakanong'onezana mpaka kengele, nao hawakujua, mwenyekiti akasoma jibu. Nzau alilifunga kwa mbuzi wa madoa na kuendelea.

Ilikuwa kazi nzito kuliko alivyofikiri. Wavulana wa Thika walipokuwa wakijibu, wengine wangepumzika. Yeye alikuwa zizini. Kila swali jipya lilipokuja aliwapitisha tena wote tangu mwanzo, midomo ikichezacheza, na wakati mwingine kengele ilimkuta katikati. Hata hivyo alijibu. Alijibu mito ya Gerishon na manabii wa Mburu, na watu ukumbini wakaanza kumpigia makofi, kwa kuwa ilikuwa ajabu kuona mtu mmoja akisimama na kukaa, akisimama na kukaa, kando ya viti vitupu.

Yakabaki maswali mawili, pande zote zikiwa sawa. Thika walikosa lao, na Nzau akalikosa pia. Likabaki moja, la Ruiru.

"Shamba la kahawa lina mistari arobaini na minane," mwenyekiti alisoma. "Kila mstari una miche thelathini na saba. Miche tisini na sita imekufa. Imebaki mingapi?"

Lilikuwa swali lake hasa. Bwenini, kwa mchezo, alikuwa akimaliza hesabu kama hizo Mburu hajanoa penseli. Arobaini na minane mara thelathini: elfu moja mia nne na arobaini. Aliiweka pembeni ili atafute arobaini na minane mara saba, na hapo akahisi mbuzi wanatawanyika.

Namba zilikuwa zimeingia zizini. Aliyevunjika pembe alikuwa wapi? Alikuwa amebeba swali gani? Na nyuma yake, yule wa kahawia? Nzau aliona wazi kabisa, kama mtu anavyoona njia panda, kwamba angeweza kuwaacha waende. Muda ulikuwa unatosha. Afungue mlango, awaache wapotelee porini, achukue ile elfu moja mia nne na arobaini, aongeze, atoe, asimame. Nairobi. Gerishon langoni akiita jina lake.

Na Githinji asingejua kamwe.

Nzau alifumba macho, akamwendea aliyevunjika pembe. Alimkuta. Akamwendea wa kahawia. Akawarudisha mmoja mmoja, na wa mwisho akamfunga swali la kahawa, na zizi lilipojaa kengele ikalia.

"Ruiru?"

"Sina jibu, bwana."

Wavulana wa Thika walikuwa wameshapata. "Elfu moja mia sita na themanini!" nahodha wao alipaza sauti, na ukumbi ukalipuka.

Mwalimu Ajwang alimfikia Nzau katikati ya kelele, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ulikuwa peke yako, kijana. Hii si aibu. Kaa basi ule nasi."

"Asante, mwalimu. Treni."

Alitembea mpaka stesheni na njaa yake, midomo ikicheza. Ndani ya behewa mama mmoja mwenye kapu la ndizi alimsalimu, na Nzau akaitikia kwa kichwa tu, akiogopa kufungua kinywa. Mama yule akasogea mbali kidogo.

*

Walikuwa wamemsubiri langoni, wote watatu. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya kahawa.

"Vipi?"

"Tumeshindwa."

Gerishon alimsogelea. "Kwa ngapi?"

"Moja."

"Swali gani?"

Nzau aliwaambia. Mburu alitazama juu, akahesabu kwa vidole polepole, akafika. Alipofika, alimtazama Nzau kana kwamba ameibiwa.

"Hesabu?" Gerishon alisema. "Wewe? Hesabu ya miche? Ngai! Ulikuwa unafikiria nini, Nzau?"

Githinji alikuwa amesimama nyuma yao. Nzau alimtazama, na akaona kwamba likitoka neno moja, mzigo huu utahama kichwani pake na kukaa kichwani pa Githinji, ambaye alikuwa na mizigo ya kutosha.

"Sikuweza," alisema.

Gerishon alitema mate pembeni, akaanza kuondoka. Mburu akamfuata. Githinji alisita, kisha naye akawafuata. Walikwenda wakizungumza Kikuyu, chini chini, na Nzau alisikia jina lake humo ndani mara moja.

Alibaki na lango. Angeweza kwenda kulala. Hakuna ambaye angemdai kitu sasa.

Aliwakuta wamekaa kwenye ngazi za bweni, migongo kwake, wakitupa vijiwe. Maneno yao yakakatika alipokaribia. Nzau alisimama pale nyuma yao, kama mtu aliyesimama mezani kwenye ukumbi, akaweka mikono yake ubavuni.

"Swali la kwanza," alisema. "Kati ya Nakuru na Nairobi, mji upi uko juu zaidi kutoka usawa wa bahari?"

Hakuna aliyegeuka. Gerishon alitupa kijiwe.

Nzau alingoja muda wa kengele, kama ilivyokuwa Thika.

"Swali la pili. Nani alikuwa mfalme wa mwisho wa Yuda?"

"Huyu ana wazimu," Mburu alinong'ona. Nzau akangoja tena, muda uleule.

"Swali la tatu. Kwa nini barafu huelea juu ya maji?"

Mgongo wa Githinji ulinyooka. Nzau alikuwa ameshavuta pumzi kwa ajili ya swali lililofuata.

"Kwa sababu maji yakiganda yanapanuka," Githinji alisema, bila kugeuka. "Yanakuwa mapana zaidi lakini uzito ni uleule. Kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji yaliyo chini yake. Ni sawa?"

Nzau alikuwa ameahidi kutosema majibu.

"Swali la nne," alisema.