Chungu Kilichovunjika Kipindi cha Fasihi

Chungu kilipopasuka sakafuni, kidato cha tatu chote kilinyamaza, na Mwalimu Eunike akajua papo hapo kwamba ukimya ule haukuwa wa hadhira iliyofurahia onyesho.

Kipindi kilikuwa kimeanza vizuri. Wiki ile walikuwa wakisoma maapizo, kipera cha fasihi simulizi ambamo mtu humtakia mwenzake mabaya kwa kosa alilotenda. Eunike hakuwa na muda mrefu tangu ahitimu chuo. Alijitolea kufundisha katika shule ile ya kata, juu kwenye miteremko ya Meru, akiamini jambo moja kuliko yote: fasihi simulizi isipotendwa, inafia ubaoni. Alikuwa amewaimbisha wanafunzi wake nyimbo za kubembeleza watoto, akawatoa nje watambe majigambo mpaka wapishi wa shule wakaacha masufuria waje kutazama. Kwa maapizo alitunga igizo dogo la mwizi wa kahawa anayelaaniwa na ukoo. Soila alipewa nafasi ya fanani, yule anayetamka na kutenda, kama bibi wa ukoo. Godbless akawa mwizi. Wengine wakawa hadhira.

Chungu alikileta Soila kutoka kwa shangazi yake. Kisingeweza kukosekana, maana huku mlimani, upande wa Wameru na upande wa Waarusha, hata mtoto mdogo anajua kwamba laana iliyo nzito kuliko zote ni ya kuvunja chungu. Aliyevunjiwa, wanasema, atapasuka vipande yeye na nyumba yake.

"Kinainuliwa tu, hakivunjwi," Eunike aliwaonya. "Na mwizi hana jina. Ni mwizi tu."

Lakini Godbless alikuwa Godbless. Alipoona wenzake wanacheka, akaongeza ya kwake.

"Oya, bibi, mbona mkono unatetemeka? Umelewa mbege?"

"Nyamaza, mwizi," Soila akajibu, akiwa bado ndani ya igizo.

"Vunja basi tuone! Huna lolote wewe!"

"Vunja! Vunja!" hadhira ikaitikia, wakipiga madawati.

Eunike alikuwa akitabasamu. Hadhira hai, alijisemea, hii ndiyo hadhira hai. Ndipo Soila akasema kwa sauti nzito ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, "Godbless, na iwe kwako kama chungu hiki." Kikaenda chini.

Godbless alicheka peke yake, kidogo, kisha akaacha. Msichana mmoja wa dawati la mbele alianza kusali kwa Kimeru. Kengele ilipolia walitoka wakivizunguka vigae vya chungu kwa mbali, na hakuna aliyekubali kufagia. Eunike alifagia mwenyewe. Alijiambia ni udongo tu uliochomwa, lakini aligundua kwamba anaushika ufagio kwa ncha za vidole.

Kesho yake Godbless hakuja shule. Alikuwa na homa.

*

Mkuu wa shule, Mwalimu Loishiye, alimwita Eunike ofisini kabla ya saa ya chai. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa kemia, anayependa kusema kwamba kila jambo lina maelezo yake.

"Homa ina maelezo yake," alisema. "Zahanati wamempima, wamekuta malaria, amepewa dawa. Sawa. Lakini jana, mwalimu, mimi mwenyewe na digrii yangu, sikupita mlango wa darasa lako mpaka vile vigae vilipoondolewa. Sasa fikiria mzazi."

"Mkuu, lilikuwa igizo. Fanani siye mhusika. Soila hakumlaani mtu, alikuwa anaigiza anayelaani."

"Alimtaja jina?"

Eunike aliinamisha uso.

"Alimtaja," Loishiye akasema polepole. "Nimepigiwa simu mpaka betri imekwisha. Wazazi wanakuja Jumatatu. Wanataka yule binti ahame, na mimi nikisema hapana watawahamisha wa kwao. Ameletwa hapa kwa shangazi yake ili asome tu, nyumbani kwao hakuna mwingine wa kumpeleka shule. Akiondoka hapa, mwalimu, ndiyo basi."

"Asiondoke, Mkuu."

"Basi nisikilize. Njia iko moja. Aseme kilimponyoka. Chungu kikiponyoka ni ajali. Wewe ulikuwepo, utasema uliona kinaponyoka."

Eunike alitoka ofisini. Alijaribu kukumbuka mkono wa Soila. Ulifunguka, au ulisukuma? Kadiri alivyokumbuka ndivyo picha ilivyozidi kufanya alichotaka yeye.

Jioni alishuka hadi kwa shangazi yake Soila. Alimkuta binti nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe, panga likienda haraka kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Soila, nataka nikuulize, na usiogope. Kile chungu kilikuponyoka?"

Soila aliweka panga chini. "Hapana, Madam."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu jana, hata kula sijala. Waliposema vunja, vunja, sikumwona tena Godbless. Nilimwona mwizi. Nilisikia hasira ya wale wenye kahawa, kama kahawa ni yangu. Nikavunja." Alifuta pua kwa mkono wenye utomvu wa majani. "Ila jina lilitoka. Mdomo ulijua ni Godbless hata kama macho hayakujua. Hilo ndilo silielewi."

Eunike alikuwa amesoma miaka mitatu chuoni kuhusu mambo hayo hasa, namna fanani anavyozama ndani ya anachokitenda, lakini kilichomtoka kilikuwa ujumbe wa Mkuu tu.

"Mkuu anataka useme kiliponyoka."

"Mama Godbless atajua." Soila alimtazama. "Madam, mtu aliyelaani kweli ndiye anayeficha. Nikificha, ndipo ataamini nililaani."

*

Jumamosi walipanda wote wawili kwenda kwa Mama Godbless. Ilikuwa imenyesha na njia kati ya migomba ilikuwa tope tupu. Soila alivaa sare ya shule ingawa hakuambiwa. Watu waliokuwa wakichuma kahawa kando ya njia waliitikia salamu ya mwalimu, kisha wakainama kwenye matawi bila kumtazama binti. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi.

"Turudi, Madam," Soila alinong'ona.

"Tumefika," Eunike akasema, ingawa bado.

Magreth, mama yake Godbless, alikuwa mjane mwenye mtoto huyo mmoja. Aliwapokea mlangoni, akaitikia shikamoo zao, lakini kwa Soila alitoa mkono kwa kuchelewa kidogo, kama anayejaribu joto la sufuria.

Ndani, Godbless alikuwa amelala kwenye kochi, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Macho yake yalikuwa makubwa. Hakufanya mzaha wowote, na hilo ndilo lililomwogopesha Eunike kuliko homa yenyewe.

"Mama," Eunike alianza, "nimekuja kukueleza. Kosa la kwanza ni langu. Katika fasihi simulizi kuna fanani, kuna hadhira, na kuna muktadha, yaani mahali na hali neno linaposemwa. Maapizo yakisemwa darasani, muktadha umebadilika. Ni kama—"

"Mwalimu," Magreth alimkata kwa upole. "Darasani palikuwa na chungu?"

"Palikuwa."

"Cha udongo? Si cha kuchora?"

"Cha udongo."

"Na mwanangu alikuwepo, na jina lake likatajwa." Alikunja kitenge magotini. "Mimi ni Mkristo. Mwinjilisti amekuja, tumeomba, dawa anakunywa. Nimejiambia Magreth, acha ujinga. Lakini nikifumba macho nasikia kinapasuka, na sikuwepo hata kusikia. Huo muktadha wako unanisaidia nini?"

Swali lilimwingia Eunike. Ilikuwa kweli. Maneno yake yote mazuri yalikuwa ya kumtetea Soila, hata moja halikuwa la kumtuliza mama huyu.

Magreth alimgeukia binti. "Kilikuponyoka?"

Eunike aliona Godbless akiinua kichwa.

"Nilikivunja, mama," Soila alisema. "Na nikamtaja. Sijui kwa nini nilimtaja."

Magreth alivuta pumzi ndefu. Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akaingia jikoni, na kwa muda wakasikia vyombo tu. Alirudi na bakuli la loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa na kuchanganywa na maziwa mgando, na kijiko kimoja. Akaliweka mbele ya Soila.

"Marehemu mama yangu alikuwa akisema mtu uliyemtakia kifo huwezi kumlisha, mkono utakataa. Sijui kama ni kweli. Mlishe mwanangu nione. Lakini kwanza sema naye."

Soila alimgeukia mwalimu wake, macho yakiomba. Eunike alijua anachoomba. Kulikuwa na maneno ya baraka aliyowafundisha mwezi uliopita, yenye tashbiha nzuri za mvua na mti wenye kivuli. Akamnong'oneza, "Uwe kama—"

"Mwache," Magreth akasema. "Aseme ya kwake."

Binti alichukua kijiko. Mkono ulitetemeka mpaka loshoro ikadondoka kwenye sare yake.

"Godbless," alisema. "Sitaki ufe. Sikutaka hata siku ile. Nataka upone uje shule. Kama utanicheka, nicheke." Akanyoosha kijiko.

Godbless alikitazama, akageuza uso.

Magreth aliweka mkono kifuani. Kijiko kilibaki hewani kati ya wale wawili, na hakuna mtu mzima mle ndani aliyejua la kufanya.

"Unaogopa?" mama yake akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Siogopi." Sauti ya Godbless ilikuwa kavu. "Mdomo mchungu. Hizi dawa. Tangu jana hata chai siipati ladha."

"Mwanangu, kula kidogo tu."

"Nikitapika mtasema ni chungu!" alifoka, na ghafla machozi yakamtoka, mvulana mkubwa mwenye ndevu zinazoanza. "Kila mtu ananitazama kama maiti. Hata rafiki yangu Lucky alikuja jana akasimama getini, hakuingia. Mimi ndiye nilisema avunje! Niliwachekesha, nikamwambia huna lolote. Mbona mimi siulizwi?"

Kweli, hakuna aliyemwuliza. Eunike aliliona hilo kwa aibu: alikuwa amemfikiria mchana na usiku kama mwathirika, na hakuwahi kumfikiria kama mtu aliyekuwa jukwaani.

"Basi mimi nakuuliza," Soila akasema. "Kwa nini ulisema huna lolote?"

"Kwa sababu ulikuwa unaigiza vizuri kuliko mimi," Godbless akajibu, akijifuta kwa blanketi. "Ilikuwa noma. Niliogopa kweli."

Soila alitoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko. Kijiko kilikuwa bado mkononi.

"Lete," Godbless akasema. Akafungua mdomo kama mtoto, akameza kwa shida huku amekunja uso. Wote walisubiri. Akapumua. "Maziwa yamechacha mno, mama."

"Ndivyo yanavyokuwa," Magreth akasema.

Alikula vijiko vichache zaidi, kisha akasema basi. Hakutapika, ingawa mama yake aliendelea kumkodolea macho muda wote waliokaa, na kila alipokohoa alishtuka. Walipoaga, Magreth aliwasindikiza mpaka ukingo wa migomba.

"Sitakudanganya, mwalimu," alisema. "Hofu haijaisha. Lakini binti angeweza kunidanganya na hakunidanganya. Jumatatu nitakuja."

*

Jumatatu wazazi walijaa ukumbini. Eunike alikaa karibu na mlango, kurasa za hotuba aliyoiandika zikilowa jasho mkononi. Hakupata nafasi ya kuisoma. Mzee mmoja aliposema binti ahamishwe leo leo, Mama Godbless alisimama akiwa na sare ya umoja wa wanawake wa usharika, bila kuombwa.

"Aliyetajwa ni mwanangu, si wa kwenu," alisema. "Amekula kwa mkono wa yule binti, na amekuja shule kwa miguu yake. Anayeogopa, aogope akiwa nyumbani kwake. Binti atasoma."

Walinung'unika sana. Wawili walisema watawahamisha watoto wao, na mmoja alifanya hivyo kweli wiki hiyohiyo. Mwalimu Loishiye aliandika kwamba suala limefungwa, akapangusa miwani, akaiandika sentensi ileile mara ya pili bila kujua.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha fasihi. Soila alikaa dawati lake la pembeni. Madawati mawili kando yake yalikuwa matupu. Godbless aliingia akiwa amekonda, kola ya shati ikimpwaya. Alisimama kidogo katikati ya darasa, akatazama sehemu ya sakafu ambayo wenzake bado waliizunguka, akaikanyaga, akaenda kukaa karibu na Soila.

"Sogea, bibi," alimwambia. "Umejaza madaftari kote."

Nje ya dirisha Eunike aliona kitambaa cha kichwa cha Magreth. Hakuwa ameondoka. Alisimama chini ya upenu wa bati, mkoba mkononi, akimtazama mwanawe kupitia nondo, na alionekana kama mtu anayepanga kusimama pale mpaka kengele.

Eunike alimwinamishia kichwa. Kisha akageukia ubao, akachukua chaki, akaanza kufundisha.