Baba wa Kuigiza

Vijana wa usharika wa Nyanga walikuwa wamejaribu kila njia ya kumtangaza Yesu hadharani, na kila njia iliwaangusha. Walichapisha fulana zenye mistari ya Biblia, zikaishia kuvaliwa na baba zao wakati wa kupalilia migomba. Walifunga spika kwenye bodaboda wakahubiri mtaa kwa mtaa hadi Ijuganyondo, na watu wakatoka majumbani kuulizia dawa ya panya. Walirekodi shuhuda za dakika moja moja na kuzirusha mtandaoni, wakazitazama wao wenyewe na shangazi zao wawili. Ndipo katibu wao, Georgina, binti wa Mzee Karugendo, akasema wacheze igizo la Mwana Mpotevu kwenye uwanja wa mpira siku ya gulio, na walicheze kama jambo la hapahapa Buhaya: mwana asidai fedha, adai kibanja.

Wenzake walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza wazo limetoka wapi, maana wote walijua.

Miaka minne iliyopita Wilbert, kaka yake Georgina, aliuza kipande cha kibanja alichokatiwa na baba yake. Kibanja si shamba tu. Ni nyumba, ni migomba na kahawa, na ni makaburi ya watu wa nyumba hiyo. Katika kipande alichouza Wilbert mlikuwa na kaburi la mama yao. Mnunuzi, mtu wa mjini, alizungushia ukuta. Sasa Mzee Karugendo akitaka kung'oa majani kwenye kaburi la mkewe, anagonga geti, na mlinzi anamuuliza yeye ni nani na ana shida gani. Pikipiki aliyoinunua Wilbert kwa fedha hizo haikumaliza mwaka. Yeye mwenyewe alikuwa Muleba, akipakia ndizi kwenye malori na kulala kwenye kibaraza cha duka la watu. Mzee alikuwa amekataza jina lake lisitajwe chini ya bati lake, na lilikuwa halitajwi.

Georgina alitaka jambo moja tu duniani, kaka yake arudi nyumbani. Alikwisha kuomba, akafunga, akamtuma mchungaji kwa baba yake. Mchungaji alirudi na mkungu wa ndizi na habari ndefu za bei ya kahawa. Ilikuwa imebaki njia hii. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na mbele ya kanisa hajawahi kukataa kitu. Basi jioni moja alimpigia magoti uani, kama binti anavyopaswa.

"Tata, vijana wetu wote hawana ndevu. Tumekosa mtu wa kuwa baba."

"Huyo baba anafanya nini?"

"Anamwona mwanawe anarudi. Anamkimbilia, anamkumbatia, anamvika koti lake."

"Na mwana ni nani?"

"Ni Joackim wa kwaya."

"Haya. Nitakuja."

Wala Georgina hakumdanganya, maana wakati ule mwana alikuwa Joackim kweli. Mzee hakukosa mazoezi hata siku moja. Maneno aliyashika kuliko vijana wote, na waliposahau yao aliwakumbusha kwa sauti ya mwalimu wa zamani. Siku ya tatu, alipomkumbatia Joackim, alilia. Machozi yalimshuka kabisa, mpaka Joackim akaona aibu. Georgina aliyaona, na moyo wake ukamwambia mambo makubwa. Kesho yake alipanda basi la Muleba.

Alimkuta Wilbert kwenye lori, amekonda, mabega yamebanduka ngozi.

"Atanifukuza mbele za watu," Wilbert alisema alipokwisha kusikia mpango wake.

"Mbele za watu ndipo hawezi kukufukuza."

Masikini Georgina. Alikuwa na akili nyingi, na zote alizitumia siku hiyo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Hata wale wasioingia kanisani ila kwa harusi walikuja, kwa sababu walisikia kuna igizo la mtu aliyeuza kibanja, na jambo hilo kila mtu ana la kusema. Mwana alipotangaza kuuza, wazee walitoa mguno ambao haukuwa wa kuigiza. Joackim akatoka kwenda kutapanya mali yake nyuma ya vibanda vya ndizi. Aliyerudi kutoka nyuma ya vibanda alikuwa Wilbert, na shati lake la kazi, na mfuko wake wa plastiki mkononi.

Mzee Karugendo alisimama mahali pake. Kisha mzee akakimbia, mzee wa miaka sabini na moja, akamfikia Wilbert na kumkumbatia.

"Tata, nisamehe," Wilbert alisema, na hayo hayakuandikwa. "Nilimuuza mama."

"Mwanangu niliyemlilia yuko hai," mzee akajibu kwa sauti ya kufika mbali. "Pikeni ndizi, ongezeni nyama. Nyumba hii ni yake." Akavua koti lake la Jumapili akamvika.

Wanawake walipiga vigelegele. Wanaume waliotoa mguno walijifuta macho. Mchungaji alichukua kipaza sauti, na watu kumi na mmoja wakajitokeza kuombewa, pamoja na mlevi Kashaija, ambaye kijiji kizima kilikwisha kumwachia pombe yake ya rubisi. Vijana walirukaruka. Hakuna fulana wala spika iliyowahi kufanya hivyo. Georgina alilia kwa furaha bila kujificha.

"Mzee, hili tutalipeleka Muleba mwezi ujao," mchungaji alisema akimshika mkono.

"Nipo," alisema Mzee Karugendo.

Watu walipotawanyika, mzee alishika njia ya nyumbani. Wilbert alimfuata amevaa koti, mfuko wake mkononi, na Georgina nyuma yao akiwaza atapika nini. Walipofika kwenye kona ya kuingilia kibanjani, mzee alisimama akageuka.

"Wewe unakwenda wapi?"

Wilbert alidhani anataniwa. Alitabasamu. "Nyumbani, tata."

"Mchezo umekwisha," mzee alisema. "Nipe koti langu."

Hakupaza sauti, wala hakuwa na hasira usoni. Wilbert alivua koti taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, akampa kwa mikono yote miwili. Georgina alipiga magoti njiani, kwenye matope.

"Tata, umesema mbele ya watu wote kwamba nyumba ni yake."

"Maneno yale uliyaandika wewe. Mimi nimeyasema kama ulivyoniomba." Alilikung'uta koti, akalikunja mkononi. "Na huko Muleba nitakuja kuyasema tena. Ila mrudishe Joackim."

Akaingia kwenye migomba, na hawakumwona tena.

Walibaki wawili. Georgina, katibu wa vijana, mwandishi wa maneno yote ya siku ile, alijua kwamba hakuna tena wa kumtuma kwa baba yake: mchungaji alikwisha kumtuma, na hata Mungu.

"Nikuulize," Wilbert alisema. "Pale aliponikumbatia, alijua kuwa ni mimi?"

Ingekuwa rahisi kumwambia kuwa mzee haoni vizuri siku hizi, na kwamba jua lilikuwa linampiga machoni. Lakini Georgina alikuwa amesimama karibu. Aliuona mkono wa baba yao ukipanda hadi kisogoni kwa Wilbert, ukatulia pale kwa muda mrefu kuliko igizo lilivyohitaji.

"Alijua," alisema.

Wilbert aliitikia kwa kichwa, akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Kama asingejua, ningerudi siku nyingine," alisema, akashika njia ya kwenda barabarani.