Daftari la Bwawa

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Matone alianza na uchafu wao. Alilizunguka bwawa la hoteli na wavu wake mrefu akiopoa nywele, plasta za vidonda, vipisi vya sigara, na mara mojamoja nepi. Kisha alipiga magoti kusugua utepe wa mafuta ya ngozi uliogandia kwenye vigae. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifanya hivyo na kinyaa hakikuwahi kumwisha. Waliokuja kuogelea walimpita bila salamu, na yeye ndiye pekee aliyejua walikuwa wakiogelea kwenye nini.

Jina la Matone alibandikwa na wapishi kwa sababu ya kichupa chake. Kila Jumatatu alichota maji ya bwawa, akayadondoshea dawa tone mojamoja, akihesabu mpaka rangi ya kijani igeuke nyekundu. Maji mazuri hubadilika kwenye tone la nane hadi la kumi na mbili. Jumatatu hii alihesabu matone ishirini na manne.

"Ualkali umepanda mno, bosi," alimwambia meneja. "Maji ya kisima chetu yana chokaa. Ndiyo maana bwawa limekuwa kama maji ya kuoshea mchele, na klorini tunamwaga bure tu."

"Dawa yake nini?"

"Asidi, kidogo kidogo. Nusu dumu jioni, pampu ikizunguka. Ualkali utashuka, lakini na pH itashuka nayo, maji yawe makali. Sasa hiyo pH usiipandishe kwa magadi, maana ualkali utarudi palepale. Unafungulia ile chemchemi ya katikati, maji yanarushwa hewani usiku kucha, pH inapanda yenyewe. Siku tano tumemaliza. Ila bwawa lifungwe."

"Chemchemi usiku kucha! Huo umeme unalipa wewe?" Meneja hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Alhamisi watoto wa shule wanakuja, na bwana afya anakuja kabla yao. Nataka sarafu ikianguka kwenye kina kirefu niione."

Jumatatu jioni Matone alitia nusu dumu, akafungulia chemchemi. Asubuhi aliikuta imezimwa. Akaifungulia tena Jumanne, na Jumatano akaikuta imezimwa vilevile.

Alhamisi alipofika na wavu wake alisimama ukingoni, macho yamemtoka. Maji yalikuwa yametakata kama kioo. Vigae vya chini kabisa vilihesabika. Halafu harufu ikampanda puani, ile harufu ya kukaba koo, na kando ya ngazi akaona madumu mawili ya asidi yamelala, matupu.

"Umeona?" Meneja alikuwa nyuma yake, amekunja mikono ya shati, kifua mbele. "Siku tano, siku tano! Mimi nimemaliza kwa saa moja. Nyie mafundi mnapenda kurefusha kazi."

Matone aliinama ukingoni. Alichota maji, akadondoshea dawa ya pH, akainua kichupa kwenye mwanga. Njano. Njano ya mwisho kwenye kipimo chake ilikuwa 6.8, na hii ilikuwa imepauka kuliko hiyo. Imeshuka hadi wapi, kifaa hakikuweza kusema.

"Bosi, humu haingii mtu leo. Macho yatawaka moto, na wakimeza itakuwa balaa. Madumu mawili, tena sehemu moja? Hapo kwenye ngazi asidi bado imekaa chini."

"Maji safi haya?"

"Safi kwa macho tu."

"Na bwana afya anakagua kwa kutumia nini? Si kwa macho?" Meneja alicheka, akaenda zake kunywa chai.

Alisema kweli. Daftari la bwawa lilikuwa likijazwa na meneja mwenyewe kila Jumatatu, wiki nzima kwa mkupuo mmoja na kalamu moja: 7.4, 7.4, 7.4, mpaka Jumapili ambayo bado haijafika. Kazi ya Matone ilikuwa kutia sahihi. Miaka kumi na mmoja alitia. Alilifungua sasa, akaziona sahihi zake zimejipanga ukurasa hadi ukurasa, na zilimchukiza kuliko nepi zote alizowahi kuopoa. Akaikata 7.4 ya Alhamisi. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa: CHINI YA 6.8. ASIDI IMEZIDI. ASIINGIE MTU. Akatia sahihi.

Bwana afya alifika saa tatu, akaketi kivulini, akaletewa mayai na soseji. Bwawa alilitazama kutoka hapohapo kitini. "Maji yanapendeza," alisema mdomo umejaa.

Matone alimpelekea daftari limefunguliwa, kidole chake kwenye mstari. "Mheshimiwa, naomba usome hapa."

"Sawa, sawa." Bwana afya alipangusa mafuta ya vidole kwenye kitambaa cha meza, akatoa muhuri mfukoni, akaugonga palepale karibu na kidole: IMEKAGULIWA. INAFAA. Akarudi kwenye soseji zake.

Saa nne watoto thelathini na wawili walipanga foleni ukingoni, mataulo mabegani, wakirukaruka kwa hamu.

"Maji ni salama?" mwalimu wao aliuliza.

"Yamekaguliwa sasa hivi, mwalimu. Hata wino haujakauka," alisema meneja. "Matone, mwonyeshe daftari."

Matone alimwonyesha. Mwalimu alisoma kwa sauti, kama anavyosoma darasani. "Chini ya sita nukta nane. Asidi imezidi. Asiingie mtu." Akasogeza kidole kwenye muhuri. "Imekaguliwa. Inafaa."

"Huyo ni msugua vigae tu, mwalimu, hajui..."

"Na muhuri uliogongwa kwenye maneno yake ni wa nani?"

Mwalimu akageuka, akapiga makofi mara mbili. "Vaeni nguo. Tunarudi shule." Watoto waliguna. Kibinti mmoja alilia waziwazi, na alipopita alimsonya Matone.

Meneja aliuchana ule ukurasa, akajaza mwingine papo hapo, 7.4 mpaka Jumapili. Bwana afya alikuwa bado hajamaliza chai. Aliugongea muhuri bila kuuliza wa kwanza ulikwenda wapi.

"Funguo za pampu waachie mapokezi," meneja alimwambia Matone. "Unga wako umeumwaga mwenyewe." Kisha akamwita mtunza bustani. "Kuna gunia la magadi stoo. Limwage lote. Alasiri tuna wageni wengine."

Ualkali utarudi, matone ishirini na manne tena, Matone alihesabu kichwani, pengine hata thelathini. Alivua glavu zake, akampa mtunza bustani. Akaingia chumba cha pampu, akaifungulia chemchemi mpaka mwisho, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Mapokezi alipita bila kusimama. Alipofika getini alimsikia meneja akipiga kelele kwamba umeme unateketea. Nyuma ya kelele hizo maji yalikuwa yakirushwa juu na kuanguka.