Bega la Mhehe

Mimi ni Mngoni wa Songea na Barnaba ni Mhehe wa Iringa, kwa hiyo tangu tukutane hapa Brussels hatujawahi kusalimiana. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakaona heri watuachie matusi. Barnaba akinifungulia mlango hunitazama mikononi kama nimebeba mtego, halafu husema, "Pita, mla panya." Nami hupita nikimuuliza kama mbwa wa jirani bado yupo au ameshaingia sufuriani. Majirani zake pale Uccle, watu wa kunong'ona na kufuta viatu, hudhani tunagombana. Kumbe hiyo ndiyo starehe yetu.

Kwa umri ilinipasa nimpe shikamoo. Sijawahi, na ningejaribu angenifukuza. Mtani humpi shikamoo. Siku ukimpa, ujue pana msiba.

Sasa Mhehe huyu ana bunduki. Msishtuke, ni ya kuwindia na ina vibali vyake vyote. Aliachiwa na marehemu bosi wake, mzee wa Kibelgiji ambaye Barnaba alikuwa dereva wake mpaka siku ya mazishi. Ni bunduki kuukuu, ya zile zinazojipakia zenyewe. Ukifyatua, mtutu mzima hurudi nyuma, hutema ganda, kisha hurudi mbele na risasi mpya. Kitako chake ni cha mti wa jozi, kimeng'aa kwa mashavu ya watu waliokwisha kufa. Kila vuli rafiki za yule marehemu humwalika Barnaba kwenye misitu ya Ardennes kuwinda nguruwe mwitu.

"Siku hiyo, Severina," huniambia, "nasimama chini ya mti. Ukungu unapita taratibu, mbwa wanabweka mbali, majani yanaanguka bila sauti. Na hakuna mtu hata mmoja anayeniuliza natoka wapi."

"Hao mbwa unawasikiliza kwa njaa," namjibu.

Lakini uongo dhambi, naipenda hadithi hiyo. Huwa nafumba macho pale jikoni kwake, chai inapoa, nami nauona huo msitu ambao sijawahi kuukanyaga. Nauona mweupe, umenyamaza, na Mhehe mmoja amesimama katikati yake akiwa na amani.

Tangu kiangazi bunduki ilianza kumkatalia. Risasi ya kwanza inatoka vizuri, ya pili inakwama na ganda linabanwa mlangoni. Barnaba akakosa raha. Kutwa alikuwa na swali moja tu, airudishe ilivyokuwa kwa springi mpya za aina ileile, au aibadilishe kabisa, akate ule mti wa jozi na kuweka kitako chepesi cha plastiki chenye mpira nyuma, kama bunduki za vijana. Akitengeneza, anamheshimu marehemu. Akibadilisha, labda itafanya kazi. Mwaliko wa Ardennes ulikuwa umeshafika.

Vuli hiyo Brussels ilikuwa imelala ndani ya ukungu, asubuhi haijulikani na jioni haijulikani. Jumamosi moja tukaenda kwa Hénock, fundi bunduki, kijana Mkongo wa Likasi, kule Katanga, aliyesomea kazi hiyo huko Liège. Karakana yake iko uani, nyuma ya Galerie d'Ixelles, na mimi nilikuwa na miadi ya kusuka palepale Matonge, mtaa wa Waafrika. Bunduki ilikuwa kwenye sanduku lenye kufuli, nyuma ya gari. Njiani Barnaba akapanda ukingo wa barabara kwa tairi la kulia.

"Iringa hata ng'ombe wanaendesha vizuri kuliko wewe," nikamwambia.

"Ng'ombe wa Iringa wamesoma," akasema. "Wangoni ndio waliotembea kutoka Kusini kwa miguu, mkachoka Songea mkasema basi, papa hapa."

Tukacheka mpaka taa ya kijani ikapita. Sweta lake lilikuwa limefungwa vifungo mrama, upande mmoja juu na mwingine chini. Hilo nalo nikalicheka.

Kwa Hénock mwanga huingia kupitia kioo cha paa chenye vumbi, na kutua juu ya mafuta, vyuma na vipande vya mbao, na kutoka saluni za juu hushuka harufu ya mafuta ya nywele na nyimbo za Kilingala. Ukiingia humo unasahau mji. Hénock alimpokea Barnaba kwa mikono miwili, kama wanavyofanya watoto wa Katanga waliolelewa.

"Karibu, papa. Alors, iko inakusumbua tena?"

Tukashuka chini ya ardhi, kwenye handaki lake la kujaribia, tukavaa viziba masikio. Hénock akafyatua. Bunduki ikapiga, ikatema, ikapiga, ikatema, mpaka ikaishiwa risasi, haikukwama hata kidogo. Barnaba akafyatua. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama. Akairudia, ikakwama tena. Nilimwona akiitazama bunduki kwa uchungu, kama mtu aliyesemwa vibaya na mwanawe mbele ya wageni.

"Umeona?" akasema. "Inakujua wewe fundi, mimi inanidharau. Bora niikate tu."

Barnaba alipokwenda kunawa mikono, Hénock alinivuta pembeni.

"Maman Severina, bunduki iko muzima. Haina bugonjwa. Ile mutindo ya zamani inaombaka bega. Bega ikisimama nguvu, mututu inarudia nyuma yote, inatosha kiganda inje. Bega ikilegea, bunduki nzima inakimbia nyuma, basi kazi inabakia nusu. Bega ya papa ya kuume iko inalegea. Mwaka jana haikukuwa vile."

"Basi mwambie."

"Miye? Papa ule? Mutoto kama miye nitamuambia namna gani muzee eti mwili yake imeanguka? Apana. Donc, weye. Weye unamutukanaka kila siku, atakusikia."

Niliona ana akili. Nani mwingine angeweza? Kazi ya mtani ndiyo hiyo, kusema lile ambalo watoto wa mtu na mchungaji wake hawathubutu.

Nikamwambia siku ileile, tumekaa kwenye mkahawa ndani ya galeria, kichwa changu nusu kimesukwa nusu bado. "Mhehe, bunduki haina kosa. Bega lako ndilo limeoza."

Barnaba alicheka mpaka akafuta machozi. "Limeoza! Jamani sikieni, Mngoni anasema bega limeoza! Unalitamani, eh? Panya wameadimika Ulaya?"

"Nasema kweli. Mkono wako wa kulia hauna nguvu. Nenda hospitali."

"Na wewe nenda kamalizie nusu ya pili ya kichwa, unatisha watu."

Akawaita mabwana wa meza ya pili, Wakenya fulani, akawasimulia. Nao wakacheka. Kila nilipozidi kusisitiza, utani ulizidi kunoga. Nilisema atapooza, akasema ndiyo, niandae mchango. Nilipandisha sauti, nikakasirika kweli, masikio yananiwaka, akapiga meza kwa furaha akasema tangu tujuane sijawahi kumtania vizuri hivyo. Alipiga meza kwa mkono wa kushoto. Kikombe pia alikishika kwa mkono wa kushoto. Na Barnaba hajawahi kuwa mtu wa shoto.

Ndipo yote yakanirudia, vifungo, tairi, chai aliyoimwaga wiki iliyopita nikamwita mtoto mchanga. Mwili wake ulikuwa ukituomba msaada mchana kweupe, na sisi tuliupigia makofi. Mtu mwingine yeyote, asiye na mtani, angeshapelekwa hospitali zamani. Niliona aibu, na nikaogopa sana.

Siku zilizofuata nilitembea kama mtu asiyeamka vizuri. Nikipanda tramu, madirisha yanapata ukungu, na ndani ya ukungu huo uliingia ule msitu wake. Majani yanaanguka bila sauti. Nguruwe anatoka kati ya miti, mweusi, hana haraka. Barnaba anainua bunduki, ya kwanza inatoka, ya pili inakwama, anaivutavuta huku wenzake wamesimama kushoto na kulia kwake. Halafu simwoni tena. Nabaki naona kofia yake tu juu ya majani, na mbwa wanakuja taratibu kuinusa. Nilikuwa napitiliza kituo changu, nashuka mahali nisipopajua.

Nikampigia simu mara nyingi. Kila nikifungua mdomo anaanza kucheka kabla sijasema. "Haya, bega linasemaje leo?"

Siku ya uamuzi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Hénock alikuwa ameagizwa aweke vyote mezani, springi za zamani upande mmoja na kitako cha plastiki upande mwingine, mzee achague kwa macho yake. Mwanga wa kioo cha paa ulishuka mweupe, mzito, huku vumbi likielea ndani yake. Bunduki ililala katikati. Nilidhani nasikia miti.

Barnaba akapapasa mti wa jozi, pale shavu linapokaa. "Pole, mzee," akamwambia marehemu. Kisha akamgeukia Hénock. "Kata. Weka hiyo ya plastiki. Nataka niende nayo Ardennes Jumamosi ijayo."

Hénock akanitazama. Alikuwa ameshika koleo lake la kubania vyuma na mikono yake haikusogea.

Barnaba naye akanigeukia, uso umeshachanua, anangoja tusi. "Haya, mla panya, toa la kwako, tuanze kazi."

Nilikuwa nimekesha nikilitafuta tusi la kumshinda. Nikajua halipo. Hakuna tusi duniani ambalo angeliamini.

Nikavua kofia. Nikapiga goti kidogo kwenye sakafu ile ya mafuta, kama nilivyofundishwa na mama, kama ninavyowafanyia wakubwa wote isipokuwa yeye.

"Shikamoo, kaka Barnaba," nikasema.

Kicheko chake kilianza, kikafika nusu, kikafa. Alinitazama usoni, akatafuta mahali utani ulipojificha. Hakuupata. Nilimwona akizeeka palepale mbele yangu, na nilijichukia kwa hilo. Moyo uliniuma kuliko siku niliyomzika baba yangu, maana baba sikumwua kwa mdomo wangu.

Hakuitikia.

Alitazama mkono wake wa kulia, akaukunja vidole taratibu. Kidole cha mwisho hakikufika. Akajaribu tena.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni bega?"

"Ni bega, papa," Hénock akasema, macho chini. "Pardon."

"Bunduki haina kitu?"

"Haina kitu, papa wangu. Iko muzuri kabisa."

Barnaba akatikisa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu vitu anavyoviacha. "Basi usiikate," akasema. "Iache ilivyo. Si kosa lake."

Hénock akaifungia bunduki kabatini, akafunga karakana, akatupeleka hospitali kwa gari lake. Barnaba alikaa mbele, kichwa kwenye kioo, na mitaa ilipita ndani ya ukungu kama mitaa ya mji mwingine. Tulipita ile taa tuliyoichekea. Nilingoja aseme chochote, kuhusu panya, kuhusu nywele zangu, kuhusu babu yangu. Aligeuka mara moja tu, akaniuliza kama sisikii baridi, kwa adabu. Nikasema sisikii. Nilitamani kufungua mlango niruke.

Walimchukua ndani, wakampitisha kwenye mashine zao. Daktari, mama mpole, akatueleza kwamba kiharusi kidogo kilipita huko nyuma bila kupiga hodi, na kingine kilikuwa njiani. Sasa kuna dawa, kuna mazoezi ya mkono. Ardennes mwaka huu hapana. Angeenda na kushikwa nacho huko porini, akasema, asingerudi.

Niliruhusiwa kuingia. Alikuwa amelala chali, wamemvalisha lile gauni lao jepesi la mgongo wazi, anatazama dirishani. Nje ulikuwapo mti mmoja tu, unaangusha majani. Alikuwa akiutazama kwa makini, bila kupepesa, na nikajua yuko wapi.

Nikasimama miguuni pa kitanda. Nilikuwa naogopa. Kama nimeuvunja, nimeuvunja, hauungwi. Nikajikaza, nikapandisha sauti mpaka muuguzi akageuka.

"We Mhehe! Wakikuuliza unakula nini, usiwaaibishe. Usiseme mbwa."

Hakugeuka upesi. Majani mawili matatu yakaanguka. Kisha akanitazama, toka kichwani mpaka miguuni, muda mrefu, na ule upande wa kushoto wa mdomo wake ukaanza kupanda.

"Marahaba, mla panya," akasema.