Nani Anasoma Mwavita?

Raphaël alifika Baraka siku ya Jumanne akiwa na katoni moja ya vitabu vya katuni, fomu arobaini, na jibu lake tayari kichwani. Shirika lililomtuma kutoka Uvira lilitaka kujua jambo moja tu: je, hadithi ya maisha ya wasichana, iliyochorwa kwa picha, inawapendeza wavulana kama inavyowapendeza wasichana? Raphaël aliona ni swali la kuchoma mafuta ya pikipiki bure. Mvulana gani wa huku Fizi ataketi chini asome habari za Mwavita, msichana wa miaka kumi na minne, na wenzake watatu wanaopiga domo bombani? Yeye mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, hakuwa amekisoma. Alitazama jalada, akahesabu kurasa, zikawa ishirini na nane, akaifunga katoni kwa kamba.

Jumatano aligawa vitabu katika shule moja ya sekondari, ishirini kwa wasichana na ishirini kwa wavulana. Wakasome nyumbani, warudishe kesho.

Kesho yake wasichana walivirudisha vyote ishirini. Akawauliza mmoja mmoja wamekionaje.

"Ni kizuri sana, Monsieur. Kinatufundisha."

Wote ishirini, maneno yale yale, huku wakitupa jicho mlangoni, ambako mkuu wa shule, Madame Immaculée, alikuwa amesimama mikono kifuani.

Kwa wavulana kazi ilikuwa nyepesi zaidi.

"Hatukusoma," alisema Junior, kiranja wa darasa, kwa niaba ya wote. "Ni bintu bya basichana."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata jalada."

Raphaël akajaza fomu kwa moyo mkunjufu: hapana, hapana, hapana. Kisha akaomba vitabu vyake. Kikarudi kimoja. Kumi na tisa havikuwepo. Wa kwanza alisema chake kilianguka mtoni. Wa pili kililiwa na mbuzi wa jirani. Wa tatu naye mbuzi, ila wa jirani mwingine. Wakaendelea hivyo, mvua, moto wa jikoni, mdogo wangu, mpaka wakafika kwa Bienfait, ambaye alikaa nyuma kabisa na hakubakiwa na ajali yoyote ya kutumia.

"Changu," alisema Bienfait, "kilichoka."

Madame Immaculée alimsindikiza Raphaël hadi uani. "Batoto hawa," alisema, "daftari za hesabu wanazichukia kweli, na hawajawahi kuzipoteza zote kwa siku moja."

Raphaël alipokuwa akifunga begi lake, msichana mmoja aitwaye Husna alimpita karibu, na bila kusimama akasema, "Monsieur, angalia kwa kinyozi Jafari. Lakini si miye nilisema."

Kibanda cha Jafari kilikuwa kando ya barabara kuu, chini ya bati jipya. Raphaël alisikia kabla ya kuona: sauti nyembamba ya msichana akilia, kisha sauti nzito ya mwanamume akibembeleza. Zote mbili zilitoka kwa Jafari. Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya wanaume wanane, mkono mmoja mashine ya kunyolea, mkono wa pili kitabu. Kwenye kiti alikaa dereva wa pikipiki, Wilfried, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado, na alionekana kuisahau hali hiyo kabisa.

Walipomwona mgeni mwenye begi la shirika, Jafari akakirusha kitabu kwenye benchi na mzee mmoja akakikalia.

"Karibu, Monsieur. Tulikuwa tunaongea mupira."

"Natafuta vitabu vyangu," alisema Raphaël. "Vya wasichana."

"Hapa kuna banaume tu."

"Nimesikia msichana akilia."

Wilfried hakuweza kuvumilia. Alikuwa amebishana tangu asubuhi na hakuwa ameshinda.

"Monsieur, kwa sababu njo weye mwenye kitabu, tuambie. Mwavita alifanya vizuri kumukatalia Kito? Kijana iko na moto yake, pikipiki kabisa, ananunua petroli mwenyewe, alimubeba mupaka shule siku tano bila kumulipisha. Makosa yake ni gani?"

"Alimudanganya!" alisema mzee aliyekalia kitabu. "Alisema iko na miaka kumi na nane. Ukurasa wa kumi na moja!"

"Kumi na mbili," alisema Jafari.

"Monsieur aseme!"

Wanaume wote wakamgeukia. Raphaël akakohoa. Alisema kwamba kazi ya mtafiti ni kusikiliza, si kuchukua upande. Alisema mambo ya vijana yana pande nyingi. Alikuwa anaelekea kusema kitu kuhusu jamii kwa ujumla, Jafari alipomkazia macho.

"Hujasoma," alisema Jafari.

"Nimekipitia."

"Dada mukubwa wa Mwavita anaitwa nani?"

Raphaël akatazama bati.

Kicheko kilichotoka pale kilisimamisha wauza ndizi barabarani. Muntu ametoka Uvira yote, kuja kuuliza kama tunasoma, na yeye hajasoma! Wilfried alishuka kwenye kiti, akiwa na nusu kichwa vilevile, na Raphaël akakalishwa mahali pake, kitambaa shingoni, kitabu mkononi. Mzee alikuwa amekipasha joto.

Akasoma. Mwanzoni alisoma kwa aibu, halafu alisoma ili amalize, halafu ikawa haelewi tena kwa nini anasoma, ila hakutaka mtu amsemeshe. Kwenye ukurasa wa kumi na nne wasichana walikuwa bombani wakisema mambo ya wavulana: mmoja anajipaka manukato mpaka nyuki wanamfuata, mwingine anatembea kama amemeza mwiko, na wote wanaongea mpira, mpira, mpira, hawaulizi hata mtu ameamkaje.

"Hapo," alisema Wilfried taratibu. "Hapo njo nilijua juu ya nini Nadège hajibu mesaji zangu. Nilimutumia matokeo ya mechi wiki tatu."

"Sisi tulifikiri wakiwa peke yao wanaongea mapishi," alisema mzee.

Raphaël alifungua ukurasa wa ishirini, ambao Mwavita anakataa kutoka kitandani na hasemi kwa nini. Akageuza. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa. Baada ya ishirini ilikuja ishirini na tatu, na Mwavita alikuwa shuleni, anacheka.

"Kumetokea nini katikati?"

"Sisi pia hatujui," alisema Jafari kwa uchungu. "Kilitufikia hivyo. Kinatoka kwa Élie, mupakiaji wa boti ya Papa Assani. Uliza kule ufukweni."

Raphaël alikuwa amekwisha kufika karibu na soko alipokumbuka kwamba katika kabati la Madame Immaculée alikuwa na vitabu ishirini na kimoja vizima. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kukubali, akaendelea.

Assani alikuwa na boti inayobeba mizigo ziwani hadi Kazimia na sauti iliyozoea kushindana na mota. Alikuwa akisimamia upakiaji wa magunia ya unga. Raphaël alipotaja kitabu, alinguruma mpaka wapakiaji wote wakageuka.

"Miye? Kitabu ya basichana? Mi niko muntu ya kazi!"

Kisha akamshika Raphaël mkono, akampeleka nyuma ya boti iliyopinduliwa, akainama. Sauti ikawa ndogo kiasi kwamba Raphaël alilazimika kusogeza sikio.

"Niko na binti, Bushira. Miaka kumi na mitatu. Mama yake alikufa miaka tatu iliyopita, na shangazi yake iko mbali, Makobola. Mwezi uliopita mutoto alikataa shule siku ine. Hasemi. Nikaona ni malaria, nikanunua dawa, akakataa. Nikaona ni tumbo. Nikamupeleka ku senta ya afya, muuguzi akaniangalia hivi, akacheka, akasema, 'Papa, nenda nyumbani, si ugonjwa.' Sasa, kama si ugonjwa, ni nini? Niliona aibu kuuliza tena. Sasa jana jioni, Élie iko nasoma pale ku magunia. Nikamunyanganya juu afanye kazi. Nikaangalia. Mutoto ule wa kitabu, sawa kabisa na wangu. Kitanda, blanketi, kila kitu."

"Ukurasa wa ishirini."

"Na mbele yake mama anamueleza. Damu, vitambaa, sabuni, namna ya kufua. Na picha." Assani akafuta uso kwa kiganja. "Mi singeweza kusema ile maneno, hata ungenipatia boti ya pili. Nikachana, kitabu nikamurudishia Élie, ukurasa nikaweka ndani ya daftari ya Bushira, nikatoka mbio kama mwizi. Leo siku zake zimefika tena, na akaenda shule. Asubuhi akaniambia, 'Baba, ununue sabuni.' Ni yote alisema. Lakini alisema akiniangalia."

Raphaël akaweka begi chini.

"Nikanunua saba," alisema Assani. "Na vitambaa mita sita. Weye ni fundi wa mambo haya. Saba inatosha?"

Raphaël, aliyesoma hadi ukurasa wa ishirini tu, alihisi masikio yanawaka moto. Alisema angeuliza.

Alirudi shuleni, akaingia ofisini kwa mkuu wa shule, akasoma ukurasa wa ishirini na moja na wa ishirini na mbili akiwa amesimama, kabati likiwa wazi. Madame Immaculée aliingia, akamwona, akatoka na kurudisha mlango. Ijumaa Raphaël alimwomba Madame akae mbali na darasa, akawauliza wasichana upya. Sasa walisema wote kwa pamoja. Kurasa za machozi, alisema Husna, wao wanaziruka. Machozi wanayo nyumbani. Wanachopenda ni Kito, kwa kuwa anachekesha, na Mwavita afanye haraka amsamehe. Raphaël aliwaza kumfikishia Wilfried habari hiyo, akaona hapana, kichwa chake kingevimba.

Bosi alimpigia simu kutoka Uvira. "Wavulana wanakipenda au hawakipendi? Nipe neno moja."

"Wanakipenda sana," alisema Raphaël, "lakini hakuna aliyekisoma."

"Hilo si neno moja."

"Ndivyo lilivyo."

Kwa Assani alituma namba ya simu ya Godelieve, mwanamke wa Bukavu aliyechora Mwavita na sasa alikuwa akichora kitabu cha pili. Na Godelieve, aliposikia kwa Raphaël habari ya baba wa Baraka, alipiga yeye kwanza, Jumamosi, wakati boti inapakia.

Mtandao ulikuwa mbaya. Assani aliingia majini mpaka magotini kutafuta ishara, akaziba sikio moja, na akaongea kwa ile sauti ya kushindana na mota.

"SABUNI SABA, MAMA! NDIYO! KWA MWEZI! INATOSHA?"

Ufukwe wote ukasimama. Wapakiaji walibaki na magunia kichwani. Akina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, waliacha kuzigeuza. Raphaël, aliyekuja kuaga, aliona hakuna hata mmoja anayecheka. Wanaume kadhaa walikuwa wamesogea hadi kwenye maji kabisa ili wasikie vizuri.

"NAMNA GANI? VITAMBAA VYA PAMBA? VIKAUKE KU JUA? MI NILIFIKIRI KU KIVULI!"

"Ku jua!" walipiga kelele akina mama wa ndagala. "Ku jua, Baba Bushira!"

"Mulize kama Mwavita atapita mutihani!" alisema Élie.

"Na Kito!" alisema mwingine. "Mulize juu ya Kito!"

Godelieve alizisikia kelele zote upande wa pili wa simu. Kisha akauliza, "Baba, uko na watu wangapi hapo?"

Assani akageuka, akawatazama wote, watu thelathini hivi, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu.

"Niko peke yangu, mama," alijibu. "Endelea."