Siku Zisizo na Kiti

Saa mbili asubuhi fundi wa viti alimlisha mama yake uji, bakuli zima, akamfuta kidevu, akaenda kuosha vyombo. Saa mbili na nusu mama alimpigia simu mwanawe wa kwanza, aliyeishi mji mwingine, akamwambia hajatia kitu kinywani tangu jana. Mama hakuwa mwongo. Uji ulikuwa tumboni, lakini asubuhi yenyewe ilikuwa imeshatoka nje.

Fundi aliiona ikitoka, kama alivyoziona nyingine zote. Ilikuwa na umbo la mwanamke mfupi wa makamo, kama fundi mwenyewe, imevaa aproni yenye madoa ya gundi, imeshika bakuli mkononi. Ilisimama kwenye mlango wa sebule, ikachungulia, ikaona viti vyote vina wenyewe, ikasema "samahani" kwa sauti ndogo na kwenda uani kusimama na wenzake.

Sebuleni kulikuwa na viti vinane, vyote kazi ya mikono ya fundi. Vilikaliwa na siku za zamani za mama. Kulikuwa na siku ya harusi yake, siku ya mafuriko, siku aliyomzika mumewe, siku aliyojifungua mtoto wa kiume baada ya watu kumsema miaka minne. Kiti kizuri kuliko vyote, chenye mikono na mto wa sponji, kilikuwa karibu na dirisha, na humo ilikaa siku ambayo yule mtoto wa kiume alihitimu chuo. Ilivaa suti, viatu vimeng'arishwa, mguu juu ya mguu, na ilikuwa imekaa hivyo miaka ishirini na sita. Mama aliweza kukueleza mpaka leo nani alikaa safu ya mbele na nani alipigwa picha amefumba macho.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fundi alijaribu hilo. Alichukua jembe, akaliegemeza kwa adabu kwenye mkono wa kile kiti. Siku ya kuhitimu ililitazama, kisha ikauliza kama chai itachelewa.

Alikuwa amerudi kuishi na mama miaka sita nyuma, akahamishia karakana yake barazani. Miaka sita ni asubuhi zaidi ya elfu mbili, na uani zilikuwa zimejaa mpaka kamba za kuanikia nguo alizifunga juu ya vichwa vyao. Jirani alipanda juu ya ndoo, akachungulia juu ya ukuta.

"Fundi, siku zako zinakanyaga mboga zangu."

"Si zangu. Za mama."

"Hata kama. Zisogeze."

Alizisogeza. Zilisogea bila ubishi, kwani hazikuwa na ubishi hata kidogo, na huenda hilo ndilo lililoziponza.

Daktari wa zahanati alikuja kumpima mama. Alipita katikati yao akisema "nipisheni, nipisheni," akamsikiliza mama kifua, akafunga mkoba. "Ni kawaida kwa umri huu," alisema. "Ya zamani yameshakaa, ya jana hayapati pa kukaa. Tena hayo ya jana yote yanafanana, hayana wa kuyapokea mlangoni. Hata sisi. Wewe leo umepiga mswaki?"

"Nimepiga."

"Unakumbuka ulivyopiga?"

Fundi alifikiri. Hakukumbuka.

"Umeona? Na wewe unazo nje. Za kwangu ziko nyuma ya choo," alisema daktari, akaandika dawa ya vitamini.

Fundi angeweza kuishi hivyo. Alimpenda mama yake, na isemwe wazi kwa sababu baadaye watu walisema vingine. Hakuhitaji kusifiwa. Lakini kaka yake alipokea simu ile ile kila asubuhi, na mtu akiambiwa kila siku kwamba mama yake analala na njaa, haihitaji awe mtu mbaya ili apandwe na hasira. Siku ya Jumatatu alimpigia fundi.

"Mdogo wangu, Jumamosi nakuja na shangazi. Tukae kikao."

"Kikao cha nini, kaka?"

"Kama umechoka kumtunza mama, ungesema. Nitamchukua mimi."

Fundi alikata simu, akaketi juu ya rundo la mbao. Nyumba bila mama asingejua aamkie nini. Na kuchukuliwa mama kwa sababu ya uji aliompa kwa mkono wake, hilo lilimuuma kuliko yote.

Aliamua kutengeneza kigoda. Kiti cha tisa kisingeenea sebuleni, lakini kigoda kingeenea kati ya kabati na siku ya mafuriko. Ikikaa siku moja tu, siku moja ya uji, basi Jumamosi mama angeulizwa naye angejibu. Aliichagua kabisa: Jumanne ya wiki iliyopita, mama alikula akamaliza, akakatwa kucha, akacheka. Aliifuata uani, akaieleza. Jumanne ilisema haitaki kumsumbua mtu. Akaibembeleza, ikakubali.

Alipiga randa, akapiga msasa, akatoboa matundu ya miguu. Ijumaa alasiri alikiunganisha kwa gundi. Alifanyia kazi hiyo sebuleni, maana sakafu ya barazani ina mwinamo, na kigoda kikishika gundi penye mwinamo hucheza maisha yake yote. Na gundi ya mbao hutaka uzito juu yake mpaka ishike. Kila fundi anajua. Mafundi wengine huweka tofali, yeye alizoea kumkalisha mtu.

Aliikalisha Jumanne. Miguu ikaachia. Siku za kawaida ni nyepesi, na Jumanne ilikuwa nyepesi kuliko chakula ilichobeba. Aliongeza Jumatano, akaongeza Alhamisi juu ya mapaja ya Jumatano, zote zikiomba radhi, na miguu bado ilikuwa inaachia. Gundi ilikuwa inaanza kukauka. Fundi alitoka mbio kutafuta uzito, akamkuta mtu amesimama peke yake getini.

Kwa kweli hakuwa mtu, ilikuwa siku moja ya Machi. Siku hiyo mteja alikuwa amerudisha viti sita, mvua ilikuwa inanyesha kwenye mbao, na mama aliuliza mara ya saba kwa nini anashindishwa na njaa. Fundi alirusha kijiko na kupiga kelele: "Umekula! Umekula! Mpaka nife ndiyo utakumbuka?" Baada ya hapo alilia, akaomba msamaha, mama akauliza msamaha wa nini. Siku ile ilikuwa na mabega mapana, na nyingine ziliipa nafasi.

Hapo fundi alifanya kosa ambalo seremala peke yake ndiye angelifanya. Hakufikiri ni siku gani. Aliona kilo.

"Wewe ni mzito," alisema. "Njoo ukalie kitu mpaka gundi ishike."

Ilikuja, ikakaa. Maungio yakabana vizuri, hayakuonyesha hata uwazi wa kupitisha kucha. Baada ya saa tatu fundi alisema ahsante, sasa inuka. Siku ya Machi haikuinuka. Aliivuta mkono, akaisukuma mgongoni, akaitukana, na kwa kuitukana ikazidi kuwa nzito. Jumanne ilingoja kidogo mlangoni, ikasema si neno, ikarudi uani.

Jumamosi kaka alifika na shangazi, dada mdogo wa marehemu baba. Kaka aliamkia viti vyote kwa zamu, akashikana mkono na siku yake ya kuhitimu, akabaki amesimama kwa kukosa pa kukaa. Shangazi aliketi kitandani kwa mama, mlango wa chumba ukiwa wazi.

"Mama, sema mwenyewe," alisema kaka. "Unalishwa humu?"

"Sijala tangu jana, mwanangu."

"Amekula sasa hivi," alisema fundi. "Bakuli hili hapa, halijakauka."

"Bakuli halisemi."

"Basi toka uani ukazione."

Kaka alitoka. Alikuwa mtu wa haki, alitaka kusikia pande zote. Alizisalimia, akauliza kama ni kweli mama analishwa. Siku hujua kilichofanyika ndani yake tu, haijui kueleza. Zote kwa pamoja ziliinua vijiko, zikavipuliza uji upoe. Kaka alirudi ndani akipangusa viatu.

"Nimeziona. Ni nyingi kweli," alisema. "Lakini aliyekula ni mama. Yeye ndiye anayejua kama amekula."

"Mwanangu, hakuna anayekulaumu," shangazi alimwambia fundi. Katika ukoo huo, hivyo ndivyo mtu anavyolaumiwa.

Fundi alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. "Mama. Tangu nirudi hapa, kitu kimoja nilichokufanyia. Kimoja tu. Unakumbuka?"

Mama alinyanyua macho kupitia mlangoni, akavitazama viti kimoja baada ya kingine, harusi, mazishi, mafuriko, mpaka akafika kwenye kigoda. Uso ukamchangamka kama wa mtu aliyepata ufunguo uliopotea.

"Nakumbuka," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Alinifokea. Alirusha kijiko kikaingia chini ya kabati, akasema mpaka afe."

Kaka aliinama, akapitisha mkono chini ya kabati. Kijiko kilikuwepo.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli," alisema fundi.

Mama aliondoka saa tisa. Siku zake za zamani ziliingia naye garini, na kwa kuwa siku ya kuhitimu ilitaka kiti cha mbele, shangazi alibanwa nyuma kati ya harusi na mazishi, siku ya mafuriko ikimlowesha sketi. Siku ya Machi ilipanda mwisho, na gari likainama upande. Fundi alimfunga mama mkanda, akamwambia asisahau sweta. Mama alimwita "dada" na kumshukuru kwa ukarimu.

Siku za uji zilibaki uani. Wiki mbili hazikufanya lolote. Kisha fundi akaona mabadiliko: aproni zao zilikuwa zimepigwa pasi, na moja ilikuwa na kitambaa kipya kichwani. Zilianza kujipanga na kutoka getini kumfuata mama, leo moja, kesho tatu, zikimuaga kwa kumpungia kijiko. Jumanne ilitoka kati ya zile za mwanzo, na haikuomba radhi kwa yeyote. Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mama ilikuwa kinyume, asiyekuwepo ndiye aliyepewa kiti. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akasema afadhali, mboga zitapumua.

Mwezi wa tatu tangu mama aondoke, saa mbili na nusu asubuhi, simu ya fundi ililia.

"Mwanangu," alisema mama. "Ulivyokuwa unanipikia uji! Ulikuwa unaupuliza kwanza. Unanikata kucha, unanichekesha. Jumanne ile, unakumbuka?"

Fundi aliweka randa chini. Kwa miaka sita alikuwa anajiambia hahitaji kusikia hayo, na sasa alijua kwamba alikuwa anajidanganya, kwa sababu furaha ilimjaa.

"Nakumbuka, mama."

"Huku hawanipi kitu," mama aliendelea. "Sijala tangu jana. Huyu mke wa kaka yako ananitazama tu."

Na kwenye simu, karibu kabisa, fundi alisikia kijiko kikigonga bakuli, na sauti ya wifi yake, iliyochoka kidogo, ikisema, "Fungua mdomo, mama. Kijiko cha mwisho. Haya." Akamsikia mama akimeza. Kisha akasikia mlango, na mtu akisema "samahani" kwa sauti ndogo, akitoka nje.

Fundi alijua anachopaswa kusema. Hakukuwa na mtu duniani aliyekijua vizuri kuliko yeye: mama, umekula, unalishwa, mshukuru huyo aliye mbele yako. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alitazama uani, ambako zilibaki siku nne au tano tu, nazo zilikuwa zikifunga vifurushi vya safari.

"Eti Jumanne ile nilikufanya nini, mama?" alisema. "Hebu nisimulie tena."